Gari la Rimoti la Zamani Limegoma: Usinunue Mota Kwanza

Lilifika kibandani kwangu Ngarenaro, Arusha, ndani ya salfeti ya unga. Hornet ya kampuni ya Kijapani ya Tamiya, lile gari la mwaka 1984, mwili mweusi na matairi ya nyuma yenye vijino. Lilikuwa limekaa stoo ya mtu huko Japani miaka mingi kabla ya kuangukia kwenye fungu la mitumba sokoni Kilombero. Mwenye nalo ni kijana wa bodaboda, na alikuja na hukumu yake mkononi.

"Fundi, mota imekufa. Nimeshaagiza nyingine Dar, kali kuliko hii. Wewe nifungie tu."

Sikuifunga. Mota ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kishaba kimoja cha kupitishia umeme wa mota, kisichozidi ukubwa wa ukucha, na kilipona kwa kipande cha msasa na tone la spiriti. Ile mota kali ningeifunga siku ile ingemalizia kukiunguza kishaba chenyewe, kisha ikahamia kwenye plagi ya betri, kisha meno ya giaboksi. Ndiyo maana nafuata mpangilio mmoja na siuruki: kwanza umeme, halafu mota, halafu giaboksi, halafu usukani na mwili. Hakuna kipya kinachofungwa mpaka gari litembee kama lilivyotoka kiwandani.

Kabla hujafungua chochote, angalia bisibisi yako. Skrubu za Kijapani za wakati ule zina mdomo wa nyota unaofanana na wa kawaida, lakini haulingani nao. Stendadi yake inaitwa JIS, kiwango cha viwanda vya Japani. Bisibisi ya nyota ya kawaida haifiki chini ya mdomo, kwa hiyo ukikaza mkono hupanda juu na kuula. Mafundi pikipiki wa Honda na Yamaha wanalijua hili vizuri. Kama huna ya JIS, saga ncha ya bisibisi ya zamani kidogo tu, ifike chini. Na unaporudisha skrubu kwenye plastiki, izungushe kwanza kinyume taratibu mpaka uhisi imedondoka "tik" kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Usipofanya hivyo inachonga njia mpya, na baada ya mara tatu tundu limekuwa pana halishiki kitu.

Limekaa kimya kabisa

Anza na betri, na usiiamini kwa sababu tu imetoka kwenye chaja. Betri ya asili ya magari haya ni seli sita za volti 1.2, jumla volti 7.2. Ikitoka kwenye chaja imejaa inapaswa kusoma zaidi ya 8. Ikisoma 6.5 au 7 hivi, kuna seli imejifunga ndani na haitafufuka. Ikisoma vizuri ikiwa imetulia halafu ikaporomoka mara tu mota inapoguswa, imechoka, na hapo maltimita bila mzigo inakudanganya. Mimi hupima huku nimeunganisha balbu ya taa ya nyuma ya pikipiki kwenye betri. Balbu ikififia ndani ya dakika moja, jibu nimelipata.

Ukiona unga mweupe kwenye vituo vya betri au kwenye sehemu ya betri ndogo za rimoti, ni alikali imevuja. Pamba yenye siki inaukata, kisha spiriti, kisha msasa mpaka chuma king'ae. Seli za nikeli-kadmiamu usizipasue wala kuzichoma pamoja na takataka. Kadmiamu ni sumu.

Chaja sasa. Hapa nimewahi kuaibika mbele ya mteja. Gari likija na chaja yake ya Kijapani yenye plagi bapa, usitafute adapta uichomeke ukutani. Japani umeme wa nyumbani ni volti 100, wetu ni 230. Yangu ilikaa sekunde chache, ikatoa harufu ya samaki aliyeungua, halafu moshi. Nilimwambia mteja kwamba ilikuja mbovu. Haikuwa mbovu.

Betri na chaja zikiwa salama, fuata umeme unavyosafiri. Washa gari, mwenzio avute triga, wewe pima volti kwenye betri, halafu baada ya plagi, halafu baada ya swichi, halafu kwenye miguu ya mota. Pale namba inaposhuka ghafla ndipo ugonjwa ulipo. Kwenye magari ya miaka hiyo mara nyingi ni ile plagi nyeupe ya betri: ndani yake vibati vimelegea na kuungua, plastiki imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Usiibane kwa koleo ukaona umemaliza. Badilisha.

Linakwenda kasi moja tu, au linasita, au limegoma kurudi nyuma

Kama ni moja ya sehemu zote utakayoisoma mara mbili, iwe hii, maana nusu ya magari ninayoletewa yanaugua hapa.

Hornet, ndugu yake Grasshopper wa mwaka huohuo wa 1984, na wengi wa rika lao hawakuzaliwa na kontrola ya kielektroniki ya kudhibiti kasi. Ndani kuna servo mbili, yaani vimashine vidogo vinavyosukuma mikono kwa amri ya rimoti. Moja inavuta usukani. Ya pili inasukuma mkono wenye vishaba unaoteleza juu ya bamba, na bamba lina vituo. Kituo cha kwanza umeme unapita kwenye rezista yote, gari linatambaa. Cha pili unapita sehemu tu ya rezista, linatembea. Cha tatu unapita moja kwa moja, linakimbia. Ukielewa hivyo, dalili zinajisoma zenyewe.

Gari likikimbia kasi kamili tu na polepole hakuna kitu, rezista imekatika au waya wake umeng'oka. Ni kile kipande cheupe kama chaki ya kauri. Likitambaa na kutembea lakini halikimbii, ama kituo cha mwisho kimeungua ama fito ya servo haiufikishi mkono mwisho. Vua fito, sukuma mkono kwa kidole: likikimbia, kosa ni urefu wa fito. Likisitasita kila mahali, likishtuka ukiligonga ubavuni, vishaba vimeota weusi. Likienda lenyewe hujagusa rimoti, rekebisha kwanza kitufe kidogo cha kusawazisha kwenye rimoti kabla ya kufungua lolote. Na likienda mbele vizuri ila nyuma hakuna, tazama upande wa pili wa bamba: watoto hutumia mbele zaidi, lakini upande wa nyuma ndio unaokusanya vumbi.

Kusafisha kwenyewe: vua mkono, weka msasa namba 1000 juu ya kidole, sugua vishaba na vituo mpaka rangi ya shaba irudi. Ukiona kishimo kama cha sindano palipopiga cheche, usikifukuze mpaka chini, utamaliza shaba. Sawazisha kingo zake tu. Futa kwa spiriti. Kisha ukunje mkono wa shaba kwenda chini kidogo, unene wa karatasi mbili, ili ukandamize. Ukizidisha, servo inasukuma kwa taabu, inanguruma hata gari likiwa limesimama, na betri inaisha kabla ya wakati. Paka grisi ya kontakti kwa ncha ya kijiti cha meno. Grisi ya beringi za magurudumu hapana, inakaanga na kuwa lami.

Halafu mwache huyo rezista apumue. Kazi yake ni kugeuza umeme kuwa joto, na akifanya kazi dakika kumi za mwendo wa kati anakuwa moto wa kuchoma. Alama iliyopo kwenye kidole gumba changu ni ya Grasshopper moja ya mwaka juzi. Watu humfungia kwa gundi au kumzungushia tepu ili asicheze. Baada ya wiki plastiki ya jirani imeyeyuka.

Servo zinatetemeka, gari lina wazimu

Kuna wazimu wa aina tatu, na kila mmoja una tiba yake.

Wa kwanza unakuja tu mota inapozunguka. Mota ikiwa kimya, usukani umetulia. Ukivuta triga, magurudumu ya mbele yanacheza sindimba. Hizo ni cheche za mota zinaingia kwenye redio. Tazama nyuma ya mota: panatakiwa kapasita tatu ndogo zilizoandikwa 104, moja kati ya mguu na mguu, mbili nyingine kila mguu kwenda kwenye kopo la nje la mota. Mara nyingi utakuta moja imekatika au zote zimenyofolewa na fundi aliyetangulia. Kuzilehemu kwenye kopo kunawashinda wengi kwa sababu kopo linanyonya joto lote. Kwaruza sehemu kwa tupa mpaka iwe nyeupe, paka fluksi, na tumia pasi ya wati 60. Ya wati 30 itaacha risasi imekaa juu kama ugali uliopoa, na siku ya kwanza kwenye mawe itadondoka.

Wa pili unakuja gari likiwa mbali. Angalia antena zote mbili. Ile ya rimoti inatakiwa ivutwe mpaka mwisho, na waya wa resiva, kile kipokezi cha redio ndani ya gari, usikatwe hata kama unaburuta. Urefu ule umepimwa. Ukiukata ili upendeze, umekata na umbali.

Wa tatu ndio ulionitoa jasho. Gari la mteja lilikuwa zima asubuhi, zima mchana, na kila ikikaribia saa kumi na moja jioni linakata kushoto lenyewe na kwenda mtaroni. Nilifungua servo mara mbili. Siku ya tatu nikamwona mtoto wa jirani amerudi shule, amekaa kizingitini na kigari chake cha dukani cha plastiki. Kigari kile nacho kilikuwa cha masafa ya redio ya 27 MHz, kama gari la mteja.

Rimoti za zamani zinatumia kristali, kile kipande kinachoamua masafa, na kwenye 27 MHz kuna chaneli sita zinazotambulika kwa rangi: kahawia 26.995, nyekundu 27.045, chungwa 27.095, njano 27.145, kijani 27.195 na buluu 27.255. Mkiwa wawili kwenye rangi moja, mnaendesha gari moja kwa mikono minne. Badili kristali, lakini zibadilishe zote mbili, ya rimoti na ya resiva, na usizichanganye. Ya resiva iko chini ya ile ya rimoti kwa 455 kHz. Rimoti ikiwa 27.145, ya resiva ni 26.690. Zimeandikwa TX na RX. Ukizipishanisha utapata kimya, na utaanza kuilaumu betri tena.

Wengi hapa huamua kuachana na kristali na kufunga rimoti mpya ya 2.4 GHz. Siwalaumu. Ndiyo badiliko la kwanza ambalo hata mimi nalikubali kwenye gari la zamani, kwa sababu halionekani kwa nje na linaondoa ugomvi wa majirani. Ila kuna mtego. Nyingi za zile resiva za zamani zilikuwa na kipunguza volti ndani yake, kwa hiyo waya unaotoka kwenye bamba la spidi ulileta volti 7.2 nzima na resiva yenyewe ikazishusha kuwa 5 kwa ajili ya servo. Resiva nyingi mpya hazina kitu hicho. Ukichomeka waya uleule, volti zote zinapita moja kwa moja mpaka kwenye servo. Servo yangu ya kwanza kufa hivyo ilizunguka mara moja mpaka mwisho, ikalia, ikanyamaza. Weka kipunguza volti cha nje cha volti 5 katikati, au funga kontrola ya kielektroniki yenye nacho ndani. Na kabla ya kuchomeka servo za zamani kwenye resiva mpya, fuata waya mmoja mmoja: siku hizi chanya hukaa katikati, zamani baadhi ya watengenezaji walipanga kivyao. Plagi kuingia si ushahidi kwamba inafaa.

Mota inalia, gari limesimama

Sauti ikiwa nyembamba kama ya mbu na hakuna mkwaruzo, pinioni, lile gia dogo la kwenye mota, inazunguka bure kwenye shafti. Kuna kiskrubu kidogo kinachotakiwa kubana upande ule bapa wa shafti. Kimelegea au kimekaa upande wa duara. Kikaze na tone la gundi ya kufungia skrubu, si supa gluu.

Sauti ikiwa ya kusaga, fungua giaboksi. Grisi ya zamani utaikuta imekauka kama nta ya masikio, samahani kwa mfano. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki. Petroli na thina ziache mbali, maana plastiki ya ABS inapasuka nyufa nyembamba baada ya kuoshwa nazo, wakati mwingine siku kadhaa baadaye, ukiwa umeshasahau. Hesabu meno. Pinioni ya aluminiamu iliyochongoka kama msumeno italila gia jipya la plastiki ndani ya wiki, kwa hiyo badilisha zote mbili. Ukimaliza kufunga, shika gurudumu moja la nyuma na zungusha la pili. Lile ulilolishika linapaswa kutaka kwenda kinyume. Hapo difa, yale magia yanayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, ni nzima. Grisi iwe kidogo tu. Giaboksi si sambusa ya kujazwa.

Linaishiwa nguvu, mota inachoma

Ondoa mota, zungusha shafti kwa vidole. Inapaswa kukwama kidogo na kuachia, kukwama na kuachia, kwa sababu ya sumaku. Ikiwa nzito moja kwa moja, bushi zimekauka. Tone moja la mafuta ya cherehani kila upande, yaani tone kweli, maana yakifika kwenye komuteta, pale kaboni zinapogusa, yanachanganyika na unga wa kaboni na kuwa uji mweusi.

Vumbi letu la Arusha ni laini, la udongo wa volkeno, na mota hizi za kopo zina matundu wazi. Kila baada ya mchezo mimi hupuliza kwa pampu ya baiskeli. Usiende kwa fundi pancha akupulizie kwa kompresa: hewa ile ina maji ndani, na msukumo wake unalisindika vumbi kwenye bushi badala ya kulitoa. Na matundu usiyazibe kwa tepu. Ndiyo pua yake.

Mota ikiwa safi na bado inachoma, inua gari, magurudumu hewani, zungusha kila moja kwa kidole. Likisimama papo hapo, mota imekuwa ikibeba mzigo ambao si wake. Bushi za plastiki za kwenye ekseli zimelika na zimejaa mchanga. Hapa beringi ndiyo pesa nzuri kuliko zote utakayoitoa. Kipimo kinachokutana nacho sana kwenye Tamiya ni milimita 5 ndani, 11 nje, unene 4. Muuza beringi ukimwambia MR115 anaelewa. Lakini pima zako kwa venia na uzihesabu kwanza, usije ukaagiza kwa mtu anayetoka Dubai, ukapungukiwa mbili, ukamsubiri miezi minne arudi tena.

Usukani umelegea

Mara nyingi ni kitu kimoja kati ya viwili. Kile kikombe chenye springi juu ya servo, kinachoilinda isivunjike gari likigonga ukuta, springi yake imelegea. Au vichwa vya fito vimepanuka kwenye mipira yake. Cha kwanza badilisha. Cha pili, kwa muda, kata kipande cha mfuko wa nailoni kama unyayo wa sisimizi, kiweke ndani ya kichwa, ubonyeze mpira juu yake. Servo ikitafutatafuta katikati bila kutulia, kuna vumbi kwenye potenshomita yake ya ndani, ile inayopima servo imegeuka kiasi gani, na spreyi ya kusafishia kontakti inatosha.

Mwili na matairi

Jua kwanza mwili wako ni plastiki gani. Wa Grasshopper ni plastiki ngumu. Wa Hornet ni ile nyepesi inayoonyesha, polikaboneti, iliyopakwa rangi kwa ndani. Thina ikigusa polikaboneti inakuwa na ukungu milele. Plastiki nyeupe ngumu iliyogeuka njano ya meno ya mvuta sigara unaweza kuirudisha: krimu ya peroksaidi wanayochanganyia rangi ya nywele saluni, ipake sawasawa, funga kwa nailoni, anika juani, igeuze kila nusu saa isipate mabaka. Vaa glavu. Vibandiko vya asili utavipoteza, kwa hiyo vipige picha kwanza.

Ufa wa chasi ya ABS unaungwa kwa asetoni na vipande vya plastiki hiyohiyo vilivyoyeyushwa mpaka viwe kama uji mzito. Mikono ya suspensheni ya nailoni haiungwi na gundi yoyote niliyowahi kuiona, hata muuzaji aapie nini. Habari njema ni kwamba Tamiya walianza kuyatoa tena Hornet na Grasshopper miaka ya 2000, kwa hiyo vipuri vipya vipo.

Tairi lililopasuka pasuka halirudi. Liweke kwenye gari la kabatini.

Lilikuwa zima, nimeliboresha, sasa linasumbua

Karibu kwenye klabu.

Wengi huanza na Lipo, yaani betri ya lithiamu-polima, na gari linakwenda vizuri siku mbili, halafu betri inavimba kama andazi. Sababu ni moja. Bamba la spidi la zamani halijui kukata umeme. Betri za nikeli zikiisha, gari linachoka na wewe unaona. Lipo ya seli mbili inakaza mwendo mpaka karibu na mwisho, na wewe unaendelea, ikashuka chini ya volti 3 kwa seli, ikafa. Kwa hiyo Lipo inakuja pamoja na kontrola ya kielektroniki, au angalau na kile kikengele kidogo kinachochomekwa kwenye waya wa kusawazisha na kupiga kelele. Na ukishafunga kontrola, kagua jampa yake: nyingi zina nafasi ya Lipo na nafasi ya nikeli. Nimeona Lipo tatu za mtu mmoja zikifa kwa jampa iliyokaa upande usiofaa. Iliyovimba usiichaji tena. Nzima uichaji ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu chenye mchanga, si kitandani.

Kontrola mpya ikikataa kurudi nyuma, huenda si mbovu. Nyingi zina breki: ukisukuma mara ya kwanza inafunga breki, uachie, usukume tena ndipo irudi. Gari likienda kinyume, badilisha nyaya mbili za mota. Nyaya za betri ukizigeuza, kontrola haitakupa nafasi ya kusema samahani.

Likizima ghafla kila unapovuta triga mpaka mwisho na kuwaka tena lenyewe, usikimbilie kununua kontrola nyingine. Rudi kwenye plagi. Ile nyeupe ya asili ilikuwa sawa kwa mota ya kiwanda, ila kwa mota kali inapata joto, volti zinadondoka, kontrola inadhani betri imeisha. Funga plagi ya XT60 au mfano wake kwenye betri na kwenye gari.

Kwenye chasi nyingi za zamani kitanda cha betri kimefuata duara za seli, na Lipo ya boksi yenye pembe kali haikai. Watu huchukua kisu na kuchonga chasi. Tafuta Lipo yenye kingo za mviringo. Chasi ya miaka arobaini ikishachongwa, imechongwa.

Kuhusu mota: ile ya kopo la fedha kwenye Hornet, aina ya 540, ina mizunguko 27 ya waya. Namba ikishuka, kasi inapanda na njaa ya umeme inapanda nayo. Mizunguko 23 giaboksi inavumilia. Grasshopper ilitoka na mota ndogo ya 380, na kuihamishia 540 tayari ni zawadi kubwa kwake. Mota zisizo na kaboni, zile za kisasa, nimefunga mara moja kwa mteja aliyesisitiza. Alirudi Jumatatu na nusu ya gia ndani ya kiberiti.

Nyuma linarukaruka

Hili naulizwa kuliko yote, na nimelijaribu kwa mikono yangu. Hornet na Grasshopper nyuma zina ekseli moja ngumu, na giaboksi pamoja na mota vinaning'inia vikipanda na kushuka nayo kwa pamoja. Ukivuta triga kwa nguvu, uzito wote ule unapiga teke. Unaweza kubadili mafuta ya shokapu yawe mazito zaidi. Yawe ya silikoni, maana ya injini huvimbisha oringi za silikoni. Litapungua. Halitaisha, kwa sababu hakuna kilichoharibika.

Yule kijana wa bodaboda alitaka liishe. Nikachukua vile virisasi wanavyobandika kwenye rimu wakati wa kubalansi magurudumu, nikaviweka vinne chini ya pua na viwili juu ya ekseli ya nyuma. Gari likatulia kama mkokoteni wa magunia. Akaondoka ameridhika.

Wiki iliyofuata akarudi, gari kwapani, na machalii watatu nyuma yake. Mtaani walikuwa wamelipa jina la Panzi, ingawa Panzi halisi ni yule ndugu yake Grasshopper, ambaye jina lake maana yake ni panzi, na sasa wanamuuliza Panzi ana ugonjwa gani. Tukakaa kwenye benchi, tukavibandua virisasi kimoja kimoja kwa bisibisi.